Kwa nini mikataba ya amani huvunjika: Ushuhuda wa njia ya misafara ya Tabora

Mnamo Januari 2024 serikali ya kijeshi ya Mali ilitangaza kwamba Mkataba wa Amani wa Algiers, uliotiwa saini mwaka 2015 kati ya serikali na makundi ya waasi wa Kituareg, umefikia kikomo. Wengi wetu tuliisikia habari hiyo redioni tukaiacha ipite, kwa kuwa Sahara iko mbali na mashamba yetu ya tumbaku na mizinga yetu ya nyuki. Tumeona vema kuirudia hapa, kwa maana kati ya jangwa lile na Tabora pana undugu ambao wengi hawaujui.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walianzishwa mjini Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali baadaye. Macho yao ya kwanza yalielekea Sahara. Mwaka 1876 mapadre watatu waliokuwa njiani kwenda Timbuktu waliuawa jangwani, na mwaka 1881 wengine watatu wakauawa karibu na Ghadames. Kati ya misiba hiyo miwili, yaani mwaka 1878, ndugu zao wa shirika lile lile walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, wakamzika mmoja wao, Padre Joachim Pascal, kabla ya kufika, na hapa Tabora wakagawanyika: kundi moja likashika njia ya Ujiji, jingine likaelekea Ziwa Victoria na Uganda. Wazee wa Karema nao wanamkumbuka Adriano Atiman, katekista na tabibu, ambaye alitekwa akiwa mtoto katika nchi ya mto Niger, akauzwa na kuvushwa Sahara, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akawahudumia wagonjwa wa kando ya Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeibiwa na biashara ya njia ya kaskazini akawa baraka kwa watu wa njia yetu.

Historia ya Watuareg na mikataba yao ni ndefu, nasi tutaipita kwa haraka. Waliasi mara ya kwanza mwaka 1963, miaka mitatu baada ya uhuru wa Mali, wakazimwa kwa mkono mzito. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliwaua mifugo wao, vijana wakakimbilia Algeria na Libya, na huko baadhi yao wakajifunza kazi ya bunduki. Mwaka 1990 wakaasi tena. Makubaliano ya Tamanrasset yalitiwa saini Januari 1991, yakafuatwa na Mapatano ya Kitaifa ya mwaka 1992, na mwezi Machi 1996 silaha zipatazo 3,000 zikachomwa moto hadharani mjini Timbuktu mbele ya umati uliofurahi. Vita ikarudi mwaka 2006, yakatiwa saini makubaliano mengine Algiers. Ikarudi mwaka 2012, baada ya serikali ya Gaddafi kuanguka na wapiganaji kurejea kutoka Libya na silaha zao; makubaliano ya Ouagadougou yakafuata mwaka 2013, na yale ya Algiers mwaka 2015. Iyad ag Ghali, aliyetia saini kwa niaba ya waasi mwaka 1991, leo ndiye kiongozi wa muungano wa makundi ya kijihadi yanayoitesa nchi hiyo na jirani zake. Padre Hans-Joachim Lohre, wa shirika lile lile la Wamisionari wa Afrika, alitekwa Bamako Novemba 2022 akiwa mtumishi wa majadiliano kati ya Wakristo na Waislamu, akaachiwa baada ya mwaka mmoja.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya jangwani, ya watu wasiotulia. Dhana hiyo si ya haki, na historia ya mji wetu wenyewe inaikanusha.

Turudi basi nyumbani. Katikati ya karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo na pwani ya jirani, ikapanda Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe. Hapa iligawanyika kwenda Ujiji upande wa magharibi, na Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na pamoja nazo, kwa aibu ya wote waliofaidika, watumwa. Nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti vilipanda bara. Kila mtawala ambaye nchi yake ilipitiwa na msafara alidai hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na maana ya rushwa kama leo. Lilikuwa ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi, ingawa kiasi chake kiligombaniwa kila safari.

Wafanyabiashara Waarabu waliohamia Kaze, ulio Tabora ya leo, waliishi kwa mapatano na Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hawakutozwa. Fundikira alipofariki, karibu na mwaka 1858, akatawala Mnywa Sele, ambaye wageni wa Ulaya walimwandika Manua Sera. Huyu akaweka kodi juu ya bidhaa zilizoingia nchini mwake. Hoja yake, kama alivyomweleza mwenyewe msafiri Mwingereza John Speke walipokutana njiani mwanzoni mwa mwaka 1861, ilikuwa nyepesi kueleweka: Waarabu peke yao ndio walioishi katika nchi yake bila kulipa chochote, naye hakuona sababu ya kuendelea hivyo. Waarabu walikataa, wakamfukuza kwa silaha, wakamsimika mtu wa ukoo wa utawala aliyewafaa zaidi, jina lake Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini na vijana wake na bunduki zao, akaanza kuvizia misafara. Nauli ya vita hiyo ililipwa na wakulima wa vijiji vya kando ya njia, ambao vyakula vyao vilichukuliwa na pande zote mbili.

Hapo ndipo panapoanza habari ya mkataba. Waarabu wa Kaze walipata hasara kubwa, na mmoja wa wakuu wao, Snay bin Amir, aliuawa vitani mwaka ule wa 1861. Wakamwomba Speke awapatanishe. Speke akamtuma mtu wake aitwaye Baraka kwa Mnywa Sele, wajumbe wakaja Kaze, maneno yakasemwa, matumaini yakapanda. Lakini Waarabu walikuwa tayari kuzungumza juu ya ardhi kiasi gani wangempa, si juu ya kiti cha utawala ambacho yeye aliona ni chake kwa haki. Naye Mnywa Sele hakuwaamini, wala hakuwa na sababu ya kuwaamini. Mazungumzo yakafa. Miaka minne baadaye, mwaka 1865, alishikwa akauawa.

Tukiisoma habari hiyo kwa macho ya leo, tunaona jambo ambalo vitabu vya historia hulitaja kwa kupita tu. Mpatanishi alikuwa na haraka yake mwenyewe. Speke alikuwa amekwama Kaze kwa kukosa wapagazi, na wapagazi hawakupatikana kwa sababu ya vita. Alitaka amani ili aendelee na safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Hatusemi kwamba alidanganya au alikuwa na nia mbaya. Tunasema kwamba amani aliyoitafuta ilikuwa amani ya kufungua njia, na njia inaweza kufunguliwa kwa wiki tatu huku dhuluma iliyoifunga ikibaki pale pale.

Ilibaki kweli. Kifo cha Mnywa Sele hakikumaliza jambo. Magharibi ya Unyanyembe alikuwa amekwisha kuinuka Mirambo, mtemi kutoka Uyowa, kijana mwenye akili ya vita na ya biashara kwa pamoja. Nguvu yake ilikuwa rugaruga. Tunaomba msomaji asimame kidogo juu ya neno hili, kwa kuwa limebaki katika Kiswahili kama tusi, na watu waliolibeba wamesahauliwa. Rugaruga walikuwa vijana waliong'olewa: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani, yatima wa vijiji vilivyochomwa. Hawakuwa na shamba wala ukoo wa kuwarudia, na mshahara wao ulikuwa nyara. Mtemi aliyewaweka chini yake alipata jeshi, lakini alifungwa pia na jeshi hilo, maana siku vita inapokoma ndiyo siku rugaruga wanapolala njaa. Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe, alijenga utawala wake Ukimbu kwa watu wa namna hiyo hiyo.

Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya Ujiji. Palikuwa na ugomvi wa hongo na wa madeni ya biashara, na kila upande ulisimulia kwa namna yake. Waarabu wa Tabora wakaenda vitani mwezi Agosti wakiwa na uhakika wa kushinda. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone na kukuta njia imefungwa, akaungana nao na watu wake. Waliteka boma la Zimbizo. Kisha kikosi kilichoongozwa na kijana Soud bin Sayd kikaingia Wilyankuru, kikabeba pembe na mateka, na katika kurudi kikavamiwa njiani; Soud na wenzake wakauawa. Waliobaki wakakimbia hadi Tabora. Tarehe 22 Agosti Mirambo mwenyewe akaja, akamuua Khamis bin Abdullah na wenzake, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Anayetembelea leo tembe la Kwihara, mahali Stanley na Livingstone walipokaa mwaka uliofuata, yuko kilomita chache tu kutoka mahali moshi ule ulipopanda.

Vita hiyo iliendelea kwa miaka. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari, wakakaa, wakala, wakaondoka bila kushinda. Hatimaye biashara iliyokauka ilifanya kile ambacho bunduki hazikuweza, na mnamo mwaka 1875 na 1876 Mirambo na wafanyabiashara wa Tabora wakaacha kupigana. Aprili 1876 Stanley, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amekwenda kumpiga, alikutana naye na wakachanjiana damu kuwa ndugu. Kwa Wanyamwezi undugu wa damu ulikuwa kiapo kizito kuliko karatasi. Lakini ulifunga watu wawili, si nchi mbili. Unyanyembe yenyewe, ambayo mwaka huo huo ilipata mtemi mpya, Isike, haikupatanishwa na Mirambo. Uhasama ukaendelea chini ya utulivu wa wafanyabiashara. Mwaka 1880 Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Mpimbwe katika shambulio la watu wa Mirambo, na urafiki aliokuwa ameanza kuujenga na Waingereza wa Zanzibar ukavunjika. Alifariki Desemba 1884. Utawala wake, uliosimama juu yake peke yake na juu ya vijana wa nyara, ukasambaratika katika miaka michache.

Mwisho wa sura hiyo unajulikana zaidi. Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Tabora na bendera ya Wajerumani, akafanya mapatano na Waarabu. Mwenye nchi, Isike, hakuwa mhimili wa mapatano hayo. Akapigana mwaka 1892 akawarudisha nyuma zaidi ya mara moja, hadi Januari 1893 boma lake lilipovunjwa naye akalipua ghala lake la baruti akiwa ndani. Kituo cha wamisionari cha Kipalapala, chenye watoto waliokombolewa utumwani, kilikuwa kimekwisha kuachwa tangu mwaka 1889 kwa sababu ya hali hiyo ya hatari. Kanisa lilirudi baadaye, lakini watoto wale walihamishwa tena, kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha yao mafupi.

Tukiiweka Tabora ya karne ile kando ya Mali ya leo, tunaona majeraha yanayofanana. Yule mwenye manung'uniko makubwa zaidi hayupo mezani, au yupo kwa wajumbe tu. Kinachozungumzwa ni kufungua njia, huku swali la nani ana haki juu ya ardhi na ushuru wake likiahirishwa. Na vijana wenye silaha hawapewi kitu cha kufanya na mikono yao. Mapatano ya Mali ya mwaka 1992 na yale ya mwaka 2015 yaliahidi kuwaingiza wapiganaji jeshini na kuileta maendeleo kaskazini. Utekelezaji ukachelewa, wengine wakangoja, wengine wakarudi jangwani. Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa mwaka 2020 juu ya udugu, alikazia kwamba kusamehe si kusahau, na kwamba anayedhulumiwa hapaswi kuombwa anyamaze kwa jina la upatanisho. Tunadhani Mnywa Sele angeuelewa waraka huo kwa urahisi kuliko wengi waliosoma seminari.

Tusidhani kwamba sisi watu wa magharibi ya Tanzania tumebaki watazamaji tangu Isike. Mkataba wa Arusha juu ya Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya miaka ya kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999 kabla ya kuona matunda yake, na ya Nelson Mandela aliyempokea. Jumuiya ya Mtakatifu Egidio ya Roma ilikuwa imekwisha kuzikutanisha pande zilizohasimiana katika mazungumzo ya siri mwaka 1997. Lakini siku ya saini hiyo makundi mawili makuu yenye silaha msituni hayakuwepo. Moja liliingia mwaka 2003, jingine likatia saini mwaka 2006 jijini Dar es Salaam. Katika pengo hilo watu waliendelea kufa, miongoni mwao Askofu Mkuu Michael Courtney, Balozi wa Baba Mtakatifu nchini Burundi, aliyepigwa risasi tarehe 29 Desemba 2003.

Hata hivyo mkataba wa Arusha uliishi kuliko wengi walivyotazamia, na sababu moja tunaiona wazi: ulithubutu kuandika juu ya wakimbizi na mashamba yao. Waliokimbia mwaka 1972 walikuwa wamekaa Katumba, Mishamo na hapa kwetu Ulyankulu kwa zaidi ya robo karne, na mashamba yao kusini mwa Burundi yalikuwa yanalimwa na wengine. Waliporejea kwa makumi elfu mwaka 2008 na 2009, walikuta watu ambao nao walizaliwa juu ya udongo ule ule na hawakuwa na pengine pa kwenda. Tume ya ardhi iliyoundwa Burundi mwaka 2006 ilibidi isikilize kesi baada ya kesi, shamba kwa shamba, na maamuzi yake yaliwaumiza wengi. Hiyo ni kazi isiyo na sherehe wala wapiga picha. Mvutano wa kisiasa ulipoirudisha Burundi katika machafuko mwaka 2015, mamia ya maelfu walivuka tena mpaka, na kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma zikajaa upya.

Wengi wa wale wa mwaka 1972 hawakurudi. Zaidi ya watu 160,000 waliomba uraia wa Tanzania wakakubaliwa, na baada ya kusubiri kwa miaka kadhaa bila kujua kama wangelazimika kuhama, walianza kukabidhiwa vyeti mwaka 2014. Sehemu kubwa yao walizaliwa hapa na hawajawahi kuiona nchi ya wazazi wao. Makazi yao ya Ulyankulu, katika wilaya ya Kaliua ya leo, yamo katika nchi ile ile ambayo Stanley aliiandika Wilyankuru, na ambako vijana wa Soud bin Sayd waliangukia mikononi mwa rugaruga wakiwa wamebeba pembe na mateka. Leo wakazi wa huko wanalima mahindi na tumbaku, na majina ya watoto wao yamo katika vitabu vya ubatizo vya parokia pamoja na majina ya Kinyamwezi.